Dakika Arobaini na Saba

Maskati,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu kwanza, maana sijui ukimaliza kuisikia barua hii kama utaitaka tena salamu yangu. Goti lako la kushoto likoje? Na usingizi, umerudi? Rukia aliniandikia kwamba tangu msiba unakula matonge mawili kisha unasukuma sahani. Kula, Mama. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, homa iliyonishika mwezi uliopita imeniachia. Moyo ndio sina la kuusifu.

Rukia, ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama: soma yote. Usiruke mstari kwa kunionea haya, na utakapofika kwenye jina lako usinyamaze.

Mama, niliwadanganya. Ile Jumamosi mliyomchukua Baba mpaka posta ya Kilifi kungoja simu yangu, nami nikawaletea telegramu kwamba laini ilikuwa mbovu, laini haikuwa na ubovu wowote. Simu ya Maskati ilikuwa nzima na ya Kilifi nzima. Mbovu nilikuwa mimi, na leo, arobaini ya Baba imeshapita, nimechoka kuulalia uongo huu.

Unajua nilivyoondoka mwaka wa themanini na sita. Ulikuwa jikoni lakini najua ulisikia. Baba alikuwa ametoka kuadhini adhuhuri, akaniambia kwa mara ya mia kwamba sauti yake inakwisha, na msikiti wa mtaani kwetu hapo Takaungu hauwezi kukaa bila mtu, na mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Nikamjibu, "Baba, adhana haijazi chungu." Neno lile nilidhani ni ujanja. Hakunipiga, hakunilaani, aliingia chumbani akafunga mlango, nami nikapanda gari bila mkono wake kichwani. Tangu hapo kila barua niliyoandika mlimsomea, na jawabu lake lilikuwa moja: "Mwambieni nimesikia." Miaka miwili ya nimesikia.

Kwa hiyo Rukia aliponiandikia kuwa kifua kimembana Baba na kwamba ana neno anataka kunambia kwa mdomo, si kwa barua, nilijua ni neno gani. Mgonjwa hamtafuti mwanawe ng'ambo ili amweleze bei ya nazi. Ni radhi. Ama alitaka kunipa, ama alitaka kuninyima, na yote mawili ilikuwa haki yangu kuyasikia kwake. Tukapatana kwa barua: Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi za huko, na karani wa posta amekubali kuipokea simu. Saa za huku ziko mbele kwa saa moja, kwa hiyo mimi nipige saa sita na nusu. Posta inafunga saa sita za kwenu. Nusu saa nzima ya kusema na Baba. Nililipia ofisi ya simu siku tatu kabla, maana simu ya nyumba ya tajiri ina kufuli.

Sasa nikueleze kazi yangu, ambayo siku zote nimekwambia tu kuwa ni ya mashine. Tajiri wangu ana kompyuta tano nyumbani kwake. Moja kubwa iko katika chumba cha chini ya ngazi, chenye ubaridi wa kumlaza mtu kitandani, na nne ndogo ziko vyumbani: kwa tajiri, kwa mwanawe, kwa karani na ghalani. Zimeunganishwa kwa waya. Ile kubwa ndiyo inayoweka kila kitu, na kila asubuhi zile ndogo zikiwashwa zinaichukua saa kutoka kwake. Ni kama swala ya jamaa. Imamu akikosea rakaa, maamuma wote wamekosea naye, ila maamuma wana ulimi wa kusema Subhanallah, na mashine hazina.

Mimi ndiye mlinzi wa mashine hizo, na kiburi kilinipanda, Mama. Saa yangu ya mkono, ile niliyowapigia picha nikiwa nayo, nilikuwa nairekebisha kwa kuifuata ile kompyuta. Karani naye nikamlazimisha afanye vivyo hivyo. Kutwa anasema siku hizi kazi haziishi, jua linazama bado yuko mezani, nami namcheka kuwa ni mvivu.

Jumamosi ile nilivaa shati jeupe kana kwamba Baba ataniona. Nikiwa uani nikasikia adhana ya adhuhuri. Nikatazama saa yangu: saa tano na nusu. Nikacheka. Nikamwambia Mzee Abeid, mpishi wa nyumba hii, mtu wa Unguja aliyeshuka huku zamani, "Muadhini wetu siku hizi ana haraka, leo kaadhini karibu saa nzima kabla ya wakati." Mzee Abeid akatazama juu, akatazama kivuli chake miguuni, akasema, "Mwanangu, jua halina betri. Itazame hiyo saa yako."

Nikamjibu kuwa saa yangu imetoka kwenye kompyuta. Mimi, mtoto wa muadhini, niliyelelewa nikimwona Baba akitoka nje kupima kivuli kabla hajashika sikio, nilimkadhibisha muadhini kwa ajili ya mashine. Tukaenda tukaswali, na nilipotoka msikitini nilijiona bado nina wakati wa kupoteza. Nikala. Nikanywa kahawa. Nikayapanga maneno yangu: kwanza shikamoo, kisha nisamehe, kisha nimnyamazie asikie mwenyewe kuwa nimenyamaza.

Ofisi ya simu ina saa kubwa ukutani. Nilipoingia ilikuwa saa saba na dakika kumi na saba. Nikamwambia yule kijana wa dirishani, "Saa yenu imekwenda mbele." Alinielekeza kibanda tu. Simu ikaita huko Kilifi, naisikia inavyoita, safi, utadhani iko chumba cha pili. Nikahesabu mlio wa kumi na mbili, ikakatika. Nikaomba tena. Ikaita tena mpaka ikakatika.

Nikarudi nyumbani mbio. Nilifungua redio nikangoja ule mlio unaolia kabla ya habari, nikaitazama saa ya kompyuta. Ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini na saba. Mama, nilikaa chini sakafuni katika ule ubaridi. Jioni hiyo hiyo nikaenda kutuma telegramu ya laini mbovu, maana ningewaambiaje? Kwamba mgonjwa amevushwa feri ya Mnarani kwa tabu yote ile, na mimi nilikuwa nakunywa kahawa? Nikajipa moyo kuwa Jumamosi ijayo nitapiga mapema, nitasema na Baba, na hakuna atakayejua.

Siku zilizofuata niliwinda kosa. Kwanza nilidhani betri, kwani ndani ya kompyuta mna kijibetri kinachoishikilia saa ikizimwa. Nikakibadilisha, nikairekebisha saa kwa redio. Jumapili jioni ikawa nyuma dakika mbili na kitu. Nikashuku umeme, nikabadilisha waya. Jumatatu jioni, dakika mbili tena. Basi Jumanne nikachukua daftari, kila habari zikisomwa redioni naandika saa ya redio na saa ya mashine. Asubuhi zilikwenda sawa. Adhuhuri sawa. Baada ya alasiri, ikaanza kubaki nyuma.

Na alasiri kuna nini? Alasiri ndipo mashine inaponakili hesabu zote za tajiri kwenye kanda, ili zikipotea ziwepo pengine. Kazi hiyo hapo kabla nilikuwa naifanya kwa mkono, kidogo kidogo kila Alhamisi. Tajiri aliposafiri, wiki tatu kabla ya simu, niliona tabu, nikaiagiza mashine ijifanyie yenyewe kila siku, yote kwa mara moja. Mzigo ule ulikuwa mzito mno kwake. Ikibeba, inasahau kuhesabu sekunde. Dakika mbili na kitu kwa siku, mara siku ishirini na moja. Nikausimamisha mzigo, nikangoja habari za magharibi, saa ikaenda sawasawa na redio.

Nikafurahi, Mama. Hilo nalo sharti nikwambie. Jumanne ile nilitoka chumbani nikicheka peke yangu kwa kuwa nimelipata kosa, na mlangoni nikakutana na karani ana telegramu mkononi. Baba amefariki asubuhi, amezikwa adhuhuri.

Sikulia mbele ya watu wa nyumba. Khitma tuliisoma mimi na Mzee Abeid na watu wanne wa pwani wanaofanya kazi bandarini, na Mzee Abeid hakunitajia tena habari ya saa. Nilitamani anitajie. Mtu akikukanya ukapuuza, kisha asikukumbushe, inauma zaidi.

Wewe Mama kwenye barua yako hukunilaumu hata kwa neno moja. Ulisema, ajali ya mtu, siku yake ikifika, haina simu. Lakini chini ya maneno yako Rukia aliongeza mistari yake mwenyewe, na hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Aliandika kunieleza jinsi akili ya Baba ilivyokuwa ikimpotea siku zake za mwisho. Kwamba karani alipofunga posta, Baba alikataa kuondoka, akaketi kwenye ngazi na fimbo yake. Kwamba wakati hatimaye mnamwinua, simu ikalia ndani ya posta iliyofungwa. Baba akasimama, akasema, "Hiyo ni ya mwanangu." Naye Rukia akamwambia, "Si yetu hiyo, Baba. Simu za posta ni za watu wote. Twende zetu, feri itatuwata." Baba akamtoa mkono begani. Akausogelea mlango, akaweka kiganja juu ya ule ubao, na simu inalia, akaitika, "Naam." Ikakatika. Ikalia tena, akaitika tena, "Naam, baba." Watu wa njiani wakamtazama, Rukia akaona haya, akamshika kanzu akamvuta.

Rukia, huna kosa. Nakuapia kwa Mungu huna kosa. Ungejuaje? Lakini Baba akili yake ilikuwa timamu, na nataka wewe ndiye umsomee Mama neno hili kwa sauti yako: simu ile ilikuwa yangu. Mara ya kwanza na mara ya pili. Milio ile aliyoihesabu yeye upande wa nje wa mlango, mimi niliihesabu Maskati.

Mama, Baba aliitika mara mbili, na mara ya pili aliniita baba, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo. Neno lenyewe alilotaka kunambia hakulisema, au kama alilisema njiani, kwenye feri, nyumbani, nanyi mkadhani anaweweseka, nakuombeni mnikumbukie. Na kama hakusema zaidi ya hilo, wewe ulikaa naye miaka mingi kuliko niliyoishi mimi duniani. Niambie: mtu ambaye hayuko radhi na mwanawe, huitika hivyo? Sitaki unifariji. Nataka jawabu la kweli, hata likiwa la kunikata.

Radhi yako wewe naiomba pia, ukiwa umeyajua yote sasa, maana ya zamani niliichukua kwa uongo. Usiniharakishie. Nitangoja.

Nisalimie Shangazi mkubwa, dada yake Baba, na umwombe naye anisamehe, kwani ndiye aliyetoa nauli ya kumpeleka mgonjwa Kilifi. Mfikishie salamu Mjomba wa Matsangoni na watoto wake. Mshukuru yule jirani yetu anayeadhini sasa mahali pa Baba, mwambie namwombea koo lenye afya. Rukia, nawe nakukumbatia.

Na Ijumaa mtakapokwenda kumzuru, Mama, kabla hamjaanza Yasini, mwambieni alisikia sawa.

Ni mimi mwanao,
Swaleh