Kisanduku cha "Hapana"

Rissne, Jumanne, Novemba 2008

Wamenikatalia. Barua ya bima imefika leo, karatasi moja tu, nimeisoma nikiwa bado nimevaa koti.

Fomu yao ya bima ya ziada, ile ya kunilipa nikishindwa kufanya kazi, iliuliza kama nina ugonjwa wa figo. Nikaweka alama kwenye "hapana". Mama Neema wa kanisani ndiye aliyekaa nami mezani siku ile. "Mwanangu, usiukiri ugonjwa kwa mkono wako," aliniambia. "Tumeshakuombea. Jaza kwa imani." Nikajaza. Wao wakaomba faili langu la hospitali.

Kinachoniudhi ni kwamba nilijua. Nilijua kabisa, ila sikutaka aondoke akidhani sina imani. Hapa Stockholm hakuna mwingine anayebisha mlango wangu.

Jioni nimempigia simu kumwambia. Akasema, "Labda ulikuwa na shaka moyoni, mwanangu."

Nikajibu ndiyo, mama, labda. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Hata ningesema kweli wangenikataa, nadhani. Lakini angalau...

Nina miaka thelathini na mbili. Siku mwili ukigoma kusafisha zile ofisi za Kista, sijui nitaishi vipi.

Kesho ni siku ya mashine, masaa manne ya kusafishwa damu. Nikimaliza, muuguzi ataniuliza kama kawaida nani ananipeleka nyumbani. Nitamjibu kama kawaida kwamba kuna mtu ananisubiri pale chini.

Hilo nalo huwa nalisema kwa imani.