Maman Neema Hanijui

Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya

Bado ninamwazia Maman Neema. Kila wiki tunaimba bega kwa bega, lakini leo asubuhi, kwenye biro ya noteri, ofisi ya kuthibitisha mikataba, anakofanya kazi mapokezi, alinitazama kama sijawahi kukanyaga wilaya hii ya Rusizi. "Maman, kitambulisho." Kisha akalinganisha picha na uso wangu! Nilikasirika. Hata jina langu hakuliita mbele ya watu. Alinipa karatasi yenye namba, nikangoja.

Nikaingia ndani kutia sahihi ya kuuza shamba langu la Giheke, nililolinunua mwenyewe kabla ya kuolewa. Mlango haukufungwa vizuri. Nikasikia sauti ya shemeji yangu, Papa Claude, akimuuliza Maman Neema pale mezani. Tangu mume wangu afariki, mtu huyu anataka kuamua kila kitu changu.

"Nasikia muke ya ndugu yangu anauzisha shamba. Alifika hapa?"

"Papa, hapa hatusemi nani alifika, nani hakufika."

"Mimi ni muntu wa familia!"

"Hata familia, Papa. Utanisamehe."

Maman Neema hakupandisha sauti hata kidogo. Papa Claude akaondoka akinung'unika, nami nikatia sahihi.

Ningekuwa mimi pale mezani, ningenyamaza hivyo? Na huu mdomo wangu...

Jioni, kwaya ilipoisha, nilimshika mkono. "Maman Neema, asante ya asubuhi."

Akanitazama kwa macho makavu kabisa.

"Asubuhi? Kwani tulionana wapi?"