Chakula cha Mzazi

Jumanne, 3 Mei 1983

Palizi tangu asubuhi. Mahindi yamefika magotini, magugu nayo hayataki kuachwa nyuma. Mvua ya jana iliulaza mchicha wangu. Nimeuinua, nikaupandishia udongo shinani. Kunde hazina neno.

Umazi amekaa kizingitini anachambua majani ya kunde. Binti yangu wa pekee. Ametoka kwa mumewe Vitengeni aje kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Tumbo limeshuka. Mwezi huu hautaisha kabla hajazaa. Kuku wa mzazi nimewatenga, hauzwi wala haliwi hata mmoja. Asali iko uchagani, chupa nzima.

Darasa la ngumbaru limefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mwalimu alisema tuandike nyumbani hata mstari mmoja, mkono usisahau. Basi naandika.

Alhamisi, 5 Mei

Naibu wa chifu amepita na bwana afya. Kipindupindu kimevuka mto. Ng'ambo watu wamekufa, na huku kwetu Jilore wameanza kulazwa. Tumekatazwa mengi. Maji ya mto Sabaki bila kuchemshwa. Vyakula vya kuuza njiani. Pombe ya mnazi. Kukusanyika matangani. Mikono ioshwe kwa sabuni, asiye na sabuni atumie jivu.

Mzee Charo, mume wangu, amenuna kwa ajili ya mnazi. "Mnazi unatoka juu ya mti," alisema. "Mto uko chini. Vinakutana wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye kata unayonywea."

Alinung'unika. Lakini hakutoka kwenda kunywa.

Kuni mbichi. Moshi umenitoa machozi mchana kutwa. Umazi anasema maji ya kuchemsha yananuka moshi na hayakati kiu. Anakunywa hivyo hivyo.

Ijumaa, 6 Mei

Sima na mchicha wa nazi. Mzee aliongezwa mara mbili.

Umazi alinicheka alipoona nasugua sufuria kwa jivu kwa mara ya pili. "Mama, utaitoboa." Kisha akanishika mkono, akauweka ubavuni mwake. Kisigino. Nilikihisi kabisa, kidogo, kigumu kama korosho. Kikateleza kikaenda upande wa pili.

Siku njema.

Jumapili, 8 Mei

Mama yake Kazungu, jirani yetu, amefia zahanati. Wamemzika watu wa bwana afya, kwa nailoni na chokaa. Hakuna ngoma, hakuna kulala msibani, hakuna kupika. Katika matanga ya mtaa huu mimi ndiye ninayesimamia vyungu, miaka yote. Leo nimesimama mbali, mikono mitupu. Kazungu alikuwa peke yake kando ya kaburi. Hata kumpa mkono tumekatazwa.

Nilirudi nikapika. Sikula.

Naogopa. Nalisema hapa kwa kuwa siwezi kulisema mbele ya Umazi.

Jumanne, 10 Mei

Umazi anahara tangu alfajiri. Maji matupu, meupe, kama yaliyooshewa mchele. Nampa maji ya sukari na chumvi. Yanatoka yote. Tunampeleka.

Alhamisi, 12 Mei

Niko zahanati. Daftari nimelikuta kikapuni. Kumbe nililitia pamoja na leso, sijui saa ngapi.

Juzi Mzee alitaka twende kwanza kwa mganga akaangalie nani ametutupia jambo hili. Nilimwambia, "Wewe nenda kwa mganga. Mimi naenda zahanati na mwanangu." Akainama akashika mguu wa kitanda alicholalia Umazi, tumbebe.

Majirani walifunga milango. Siwalaumu. Aliyekuja ni Kazungu tu, na udongo wa mamake haujakauka. Nilimwambia afikirie kwanza. Akasema, "Mama, mimi nimeshauona ugonjwa huu. Haunitishi tena." Wanaume wakashika mbele, mimi nikashika nyuma. Kila tulipotua, kamba za kitanda zilikuwa zimelowa.

Wagonjwa wamelazwa kwenye hema uwanjani. Mlezi ni mmoja tu kwa kila mgonjwa. Mzee na Kazungu walirudishwa langoni.

Umazi ana dripu mikono yote miwili. Macho yamezama. Ukiifinya ngozi ya mkono inabaki imesimama vile vile. Sauti imekauka, nasoma midomo. Nimemwekea mkono ubavuni. Nimeuweka tena. Mtoto hachezi.

Nesi alimsikiliza tumboni kwa kile chombo chao kilicho kama pembe. Alisikiliza sana. Akakitia mfukoni, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimejua.

Ijumaa, 13 Mei

Amezaliwa mchana. Hakulia.

Nesi alikuwa akimfunika. Nikasema, "Nionyeshe."

"Mama, si vizuri."

"Mimi nimezaa, na nimezika. Nionyeshe."

Akafunua. Mwanamume. Nywele tele. Kucha zimekamilika. Hana kasoro hata moja. Hapo ndipo niliposhindwa. Laiti ningeona kilema ningepata cha kushika, ningesema hakuwa wa kuishi. Alikuwa wa kuishi.

Bwana afya alimpeleka nyuma ya zahanati penye mikorosho. Nilimfuata. Hakunizuia, alinitaka tu nisimame mbali. Alikuwa na jembe la mpini mfupi. Alichimba polepole, akamweka kwa mikono miwili, hakumtupa. Nimemshukuru kwa hilo moyoni. Udongo wa kwanza ulipoingia niligeuka.

Umazi hajui. Amelala kama gogo. Dripu inadondoka.

Jumapili, 15 Mei

Ameamka, ameomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Kuhara kumepungua. Daktari amesema atapona. Nilitaka kufurahi.

Akajipapasa tumbo. Akaniangalia.

"Yuko wapi, Mama?"

"Ametangulia."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Akalia bila machozi. Mdomo wazi, mabega yanatetemeka, na macho makavu. Mwili umekwisha maji, hauna hata ya kulilia. Nimezika wazazi wangu na ndugu zangu, na sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilimshika kichwa tu.

Jumatano, 18 Mei

Tumerudi nyumbani. Tumepewa dawa ya kutia majini.

Mzee amepalilia shamba zima peke yake. Pamoja na magugu ameng'oa safu mbili za mchicha. Alisimama hapo ananionyesha kazi yake, nami nikamwambia amefanya vizuri. Nimechoka, sina hasira ya mchicha.

Mkwe wangu Ngala amekuja. Habari zilimfikia Vitengeni kwa midomo ya watu. Magari yamezuiwa, kwa hiyo ametembea. Amevimba miguu. Mkwe hamkaribii mama mkwe, basi alikaa nje amenipa mgongo, kama heshima inavyotaka.

"Shikamoo, Mama. Poleni."

"Marahaba, mwanangu. Pole nawe."

Baadaye nikaona mgongo wake unatikisika. Nilitaka kwenda kumshika. Desturi hairuhusu, na bwana afya haruhusu. Nikabaki penye mafiga, nikageuza sima mpaka ikaungua.

Alhamisi, 19 Mei

Maziwa. Yalianza kidogo kidogo tangu zahanati, leo yamejaa. Matiti yamekuwa magumu, kanga imelowa kifuani. Umazi anajifunika nisione. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimemfunga leso. Mwili haujaambiwa kilichotokea.

Nimechinja kuku. Mchuzi wa pilipili manga na tangawizi, kama wa mzazi yeyote. Dada yake Mzee alipita, akanusa, akasimama uani.

"Wifi, hicho si chakula cha mzazi? Mtoto hayuko. Unajitafutia mkosi."

Nilimjibu bila kupandisha sauti. "Umazi amebeba mimba. Ameumwa uchungu. Amezaa. Ni mzazi, na atakula."

"Watu watasema."

"Waseme. Wakimaliza waje waoshe sufuria."

Akaenda zake. Sikujua kama Umazi alikuwa akisikia. Nikampelekea bakuli. Alilitazama mpaka mvuke ukaisha. Kisha akanywa mchuzi wote, akala paja, akatafuna hata mfupa. Akanirudishia bakuli.

"Niongeze, Mama."

Nilirudi jikoni nikalia kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze. Nililia vizuri. Halafu nikamwongeza.

Jumatatu, 23 Mei

Kazungu ameleta kuni kavu. Nimemkaribisha chakula. Alikula na Mzee, wakinywa maji ya dawa wote wawili, wamekunja nyuso.

Umazi anatembea mpaka chooni bila kushikwa. Hasemi. Ngala amemjengea uzio wa makuti akae upande wa kivuli. Anakaa. Wanakaa wote wawili. Asali nampa asubuhi na jioni, kijiko kwa kijiko.

Mvua imezidi. Kunde zimeanza kuoza chini. Sijali sana.

Jumamosi, 28 Mei

Soko limefunguliwa. Ng'ambo hakujasikika mgonjwa mpya.

Ngala alimpeleka Umazi penye mikorosho. Walikwenda taratibu wakipumzika njiani. Walirudi mchana, miguu ina udongo. Sikuuliza. Ngala atarudi naye Vitengeni akishapata nguvu. Amesema hana haraka, nami namwamini.

Jioni Umazi aliingia jikoni bila kuitwa. Akavuta mbuzi, akaketi, akaanza kukuna nazi. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Alizungumza bila kuinua kichwa.

"Alifanana na nani?"

"Masikio ya Ngala. Paji la baba yako."

"Na mimi?"

Nikafikiri. Sikutaka kumpa uongo.

"Vidole," nikamwambia. "Vilikuwa virefu kama vyako."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha, kifuu kinakwaruza meno ya mbuzi, naye bado anakizungusha. Sikumwambia. Nilipepeta mchele uliokwisha kuwa safi mpaka alipoacha mwenyewe.