Tulimwahi Yule wa Kwenye Simu

Mpendwa shangazi Hawa,

Shikamoo huko uliko. Ungekuwapo ungenikatiza hapa uulize kama nimekula. Nimekula, tulia nikueleze.

Unamkumbuka yule mnunuzi wa alizeti aliyekuwa akija kijijini kwetu Busi, akanibembeleza hadi nikamwandikia barua ya mapenzi? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kisha akanitisha: nisipomfuata gulioni, barua ataifikisha kwa baba. Nilikujia nikilia, nawe unapepeta uwele. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Basi twende, tumwahi." Ukanishika mkono hadi kwa kaka yako, ukamweleza yote. Baba alifoka sana, lakini yule bwana hakuwa tena na cha kunitishia.

Sasa shangazi ni mimi. Mwezi uliopita Zainabu, binti wa mdogo wangu Idi, alinijia hapa mtaani kwangu Kikuyu na simu ya mama yake. Ana miaka kumi na tatu. Mtandaoni alizoeana na mtu aliyejifanya msichana wa rika lake, akamtumia picha aliyojipiga kichwa wazi, bila mtandio. Wengine watasema picha hiyo ina nini. Wewe unamjua Idi. Yule mtu naye alishajua mtoto anamwogopa nani, akadai picha nyingine, za aibu, la sivyo hiyo itamfikia baba.

Nilikasirika. Nikamwambia Zainabu, "Mwenye kosa ni yeye, si wewe. Usifute hata neno moja." Tukaenda kwa Idi, nikaanza kumweleza.

Akanyanyua mkono. Nikasimama katikati.

"Mbona hakuniambia mimi, dada?"

"Kwa sababu unapiga kabla hujasikia."

Aliketi, shangazi, akalia mbele ya mwanawe. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote.

Kesho yake tuliifikisha simu polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na meseji zote zikiwemo. Naamini watamkamata. Lakini hata kabla ya hapo, nilijua ameshashindwa. Siku ile tulikuwa bado tumeketi kwa Idi ujumbe wake ulipoingia: "Dakika tano, au nampigia baba yako."

Idi alijifuta macho, akachukua simu, akaandika taratibu kwa kidole kimoja: "Usihangaike kupiga. Baba yake ndiye anayesoma."

Mungu akulaze pema, shangazi yangu.

Binti wa kaka yako