Mwosha Vichupa vya Maabara

Jumatatu, 4 Novemba

Haya, umerudi. Wiki tano hukugusa daftari hili, mwanamke wewe, na macho unayo na kalamu unayo. Usiniambie mgongo. Mgongo hauandiki. Mjukuu amehangaika nawe mwaka mzima kukufundisha herufi uzeeni, halafu unaziacha ziote kutu. Aibu.

Basi andika, najiambia. Ijumaa huyo mjukuu anarudia mtihani wa vitendo wa kemia. Mwaka jana alianguka. Maswali ya kuandika aliyajibu yote, ila kule maabara mikono ilimtetemeka, akatoka kabla hajamaliza. Chuo cha unesi hakimtaki bila kemia. Akianguka tena, ndiyo basi. Hakuna mara ya tatu.

Na mimi ndiye ninayeosha vichupa vya maabara hiyo hiyo. Mwaka wa kumi na moja huu. Darasani sijakaa hata siku moja, lakini dirisha la chumba cha kuoshea linatazama meza ya mwalimu, na masikio hayaombwi cheti.

Leo mwalimu alikuwa anawakumbusha wanafunzi aina za mmenyuko. Mmenyuko ni vitu kukutana, vikatoka vikiwa vingine. Aliwasha utepe wa magnesi — mwanga mkali, nikafumba macho — ukabaki unga mweupe. Muungano huo. Magnesi na oksijeni ya hewani wamekuwa kitu kimoja. Ndoa hiyo, hakuna kurudi kwao. Kisha akatumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu, yale ya buluu yenye shaba ndani. Kipindi kilipokwisha msumari ulikuwa umevaa shaba. Chuma kimeingia, shaba imetolewa nje. Uhamisho. Nyumba za namna hiyo nimeziona.

Mwalimu yule, mwanamke mdogo, mikono kama ya mtoto, na vitu vinamtii.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeharibu.

Chupa mbili kubwa za mtihani zilikuwa na karatasi zenye madoa. Kwangu mimi doa ni doa. Nikazisugua kwa nje mpaka zikang'aa, karatasi zikaenda na maji. Ndani ya zote mbili ni maji yasiyo na rangi. Moja ya chumvi, moja ya magadi. Ipi ni ipi? Zikiwekwa vibaya mezani, darasa zima linaanguka, na wangu yumo.

Mtunza stoo akasema, "Bibi, leo umeosha mpaka majina." Nikamwambia wewe ndiye ungefaa kuoshwa kwanza.

Sikungoja niitwe. Nilimfuata mwalimu, nikasema ni mimi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Bibi, ingekuwa nyumbani ungezijuaje?"

"Ningeonja."

Akashika kichwa. "Humu hatuonji kitu. Hata wewe, bibi yangu."

"Basi ningetilia ndimu. Magadi yatatoa povu, chumvi itanyamaza."

Akanitazama. Akamimina kidogo kidogo kwenye vichupa viwili, akadondosha asidi. Cha kushoto kikachemka povu pasipo moto. Cha kulia kimya. Akanieleza kwamba asidi na magadi wamebadilishana wenzi, na lile povu ni gesi inayotoroka mwishoni.

"Wanabadilishana wenzi," nikasema, "na watoto wa watu wanatazama?"

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akanipa kalamu na karatasi mbili. Andika wewe, akasema. Mkono wangu huu. MAGADI. CHUMVI. Herufi za G zimelala kama zimechoka, lakini zinasomeka. Akazibandika kwa gundi, na juu yake plastiki, akaniambia sasa sugua utakavyo.

Miaka sitini na tisa, hakuna mtu aliyewahi kunipa kosa langu nilirekebishe mwenyewe. Nilizoea kunyang'anywa.

Jumatano, 6 Novemba

Vichupa mia na ishirini. Vimekauka vyote. Nimelala saa moja tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mjukuu ameshika kijiko mezani, anajifanya anapasha kichupa moto. Anataja aina zote tano za mmenyuko bila kukwama: muungano, mtengano, uhamisho, kubadilishana, uwakaji. Kichwa anacho, sitasema uongo. Mkono ndio shida.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "hicho kijiko kinacheza ngoma gani?"

Akakiweka. Akaniuliza akitetemeka tena itakuwaje.

"Tetemeka. Lakini tetemekea hapo hapo. Usiondoke."

Akaniegemea begani. Amekua, mzito siku hizi. Sikumwambia.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandikia juu ya sinki. Msimamizi ni mgeni, amefunga dirisha na kunikataza kutoa sauti. Sawa. Kioo nilikiosha mimi, kila kitu naona.

Chupa zangu ziko mezani. Chumvi na magadi mjukuu amezimaliza, kaandika. Kimebaki kile cha mtengano: unga wa kijani kwenye kichupa, unapashwa moto mpaka unageuka mweusi, gesi yake inayafanya maji ya chokaa kuwa kama maziwa. Mwaka jana hapa ndipo alipouacha akakimbia.

Kiberiti cha kwanza kimezimika. Cha pili kimezimika. Msimamizi anatazama saa.

Cha tatu kimeshika.

Mkono unatetemeka, naona kutoka huku. Amegandisha kiwiko mezani, kichupa kinagongagonga kwenye kishikio, ting, ting. Wenzake wawili wameshatoka nje. Yeye hakuwatazama. Zimebaki dakika tisa. Unga bado ni wa kijani. Hajautoa motoni. Midomo inacheza, sijui anahesabu au anasali. Msimamizi amesimama nyuma yake sasa, amenizibia nusu ya meza.

Hajatoka.

Ukifungua daftari hili tena, andika rangi kwanza. Kijani au nyeusi. Mengine baadaye.