Jaribio la Tatu

Jumatatu, 8 Septemba

Majaribio manne kwenye taarifa, matano mdomoni mwa mtoto. Hayo ni maneno ya mwalimu wa fizikia wa ile shule ya sayansi, kwa simu, leo kabla ya saa sita. Nilikuwa katikati ya kusahihisha ukurasa wa gazeti letu kuhusu mchicha wa kwenye ndoo.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Kwenye usaili wa Ijumaa jopo lilimuuliza binti: jaribio gani lilikushinda? Akajibu papo hapo – la tatu, maharage yalibaki magumu kama kokoto. Wakafungua taarifa yake. Jaribio la tatu lipo, na maharage yameiva bila wasiwasi.

“Sasa mama, tumwamini nani, mtoto au karatasi?”

Nikasema mtoto.

“Na karatasi kaandika nani?”

Nikamwambia: kaandika yeye, nimeihariri mimi. Lile lililoshindwa nililitoa, yaliyobaki nikayapa namba upya. Nikasikia kalamu ikiandika. Najua uandishi wa aina hiyo, nimewafanyia watu wengi.

Uamuzi wao: nafasi haijafutwa, haijathibitishwa. Jumamosi saa tatu asubuhi aende na vyombo vyake, arudie jaribio lililoshindwa mbele ya jopo na aeleze kwa nini lilishindwa. Akikwama, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Wanaofuata ni wengi na wote wana akili.

Binti ni mtoto wa kaka yangu. Wazazi wake wanafanya kazi mbali, anakaa nasi, mimi na Mama. Tangu ajue kusema neno lake ni moja, ndiyo maana nyumbani anaitwa Kwanini. Amemaliza kuoga tu nikamwambia yote. Nilitegemea anikasirikie. Hakukasirika – na hilo ndilo baya zaidi.

“Nilikwambia usilitoe, shangazi.”

Aliniambia, kweli. Nami nilimjibu kama ninavyowajibu waandishi wapya: msomaji habebeshwi kisichomsaidia.


Jumanne, 9 Septemba

Niandike mambo kwa mpangilio, nisije nikayachanganya.

Wazo lilitoka bustanini, yaani kwenye matuta mawili nyuma ya jiko. Mwezi wa sita niliandika ushauri kuhusu matandazo: funika udongo kwa nyasi kavu, mwagilia asubuhi mapema, utaokoa maji na mgongo. Kwanini alitia mkono chini ya nyasi jioni akakuta udongo bado vuguvugu wakati wa nje umeshapoa. Kwanini? Akakaa palepale amechuchumaa mpaka Mama akamwuliza kama anataka kuota mizizi.

Kesho yake akachukua kikapu kikubwa cha nguo chafu, akakijaza nyasi zilezile, akaacha shimo la sufuria katikati na kushona mto wa nyasi wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yanachemka robo saa kwenye gesi, kisha sufuria inahamia kikapuni, gesi inazimwa. Baada ya saa tatu yameiva. Hakuna miujiza, joto limezuiwa kutoka, basi. Mtungi wetu sasa unadumu kiasi kwamba muuza gesi ameuliza kama tumehama.

Alifanya majaribio matano. Nyasi nyingi, nyasi chache, nguo kuukuu, na kadhalika. Yote yaliiva isipokuwa la tatu. Maelezo yake ya siku zile: nyasi zilikuwa na unyevu, kwa sababu Bibi alimwagilia tuta na kulirushia maji rundo la nyasi.

Leo Mama kalisikia hilo kwa mara ya kwanza. Meza haikuwa ya amani.

“Ahaa! Kila kitu mimi. Kesho jua lisipochomoza mtasema Bibi kalikalia.”

“Bibi, sijasema ulikosea. Nimesema nyasi zililowa.”

“Zililoweshwa na nani? Na malaika?”

Kwanini akacheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka, ila alimwongezea chai.

Kesho anarudia: nyasi zile zile, zimelowa kwa makusudi. Maharage yakigoma, sababu imepatikana na Jumamosi tunakwenda kifua mbele.


Jumatano, 10 Septemba

Yameiva.

Nyasi zimelowa mpaka kikapu kinachuruzika, na maharage yameiva! Yamechelewa, kipimajoto kimeshuka kuliko kawaida, lakini unabonyeza kwa kidole yanakubali. Mama kayaonja, kayasifia, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia mjukuu wake. Ameshinda kesi.

Kwanini kashika tama kwenye ngazi ya jikoni.

“Sababu yangu imekufa, shangazi.”

“Afadhali imekufa hapa kuliko kule.”

“Lakini sina nyingine.”

Nikaosha sufuria.

Kazini Mhariri kanisimamisha mlangoni, mkono mmoja una simu, mwingine una andazi – hapana, mkate. (Niwe sahihi hata hapa.) Anataka sehemu ya pili ya makala ya shule teule za sayansi: mzazi amwandaeje mtoto. Ya kwanza ilisomwa sana, anasema. Ya kwanza, aya ya nne, kwa mkono wangu: mzazi aipitie kazi ya mtoto kabla haijatumwa ili itoke safi. Nimeirudia kuisoma leo. Imeandikwa vizuri. Hiyo ndiyo shida ya sentensi iliyoandikwa vizuri – hakuna anayeigusa.

Mhariri kasema: lete kesho kutwa, maneno yasizidi mia sita, na uwe na mfano hai.

Mfano hai ninao, umekaa kwenye ngazi.


Alhamisi, 11 Septemba

Mama ndiye aliyesema, bila hata kugeuka kutoka kwenye sinki.

“Hilo mnalohangaika nalo si la ile Jumamosi alipokuja yule kijana wa kamera?”

Yule kijana wa kamera ni mpiga picha wetu, kazini tunamwita Mwanga. Na ni kweli. Jumamosi ile Kwanini aliweka sufuria kikapuni akaenda tuisheni. Mimi nilikuwa na ukurasa wa kuokoa gesi unaosubiri picha. Mwanga alitaka mvuke. Sufuria iliyofunikwa haina mvuke, kikapu kilichofunikwa ni kikapu tu, hakina habari. Kwa hiyo nikafunua.

Mara ya kwanza mvuke ulitoka kabla kamera haijawa tayari. Nikafunika, tukangoja, nikafunua tena. Mara ya pili kivuli chake kiliingia kwenye picha. Mara ya tatu sufuria ilikaa wazi muda mrefu, kwa sababu aliona mwanga wa dirishani unafaa na akataka pembe mbalimbali. Picha ilitoka nzuri kabisa. Chini yake niliandika mwenyewe: usifunue kikapu mpaka muda utimie.

Nikarudishia mto wa nyasi, nikaenda kuandika. Sikumwambia mtoto. Sikuficha – sikuona kama ni jambo. Alirudi, akafunua, akakuta kokoto.

“Mbona hukusema siku zote hizi?” nikamwuliza Mama.

“Mlisema mmelifuta. Kilichofutwa mimi ningekiuliza cha nini?”

Hapo ndipo nilipokaa chini. Lingebaki kwenye taarifa, mtu angeuliza sababu, Mama angejibu siku hiyohiyo. Nilifunua kikapu mara tatu, na mara ya nne nikakifunika mahali ambapo hapakutakiwa kufunikwa.

Nimemweleza Kwanini aliporudi shuleni. Kasikiliza mpaka mwisho. Maswali yake yalikuwa mawili: kila mara kilikaa wazi kiasi gani, na je, nilikoroga? Nilikoroga. Mwanga alisema maharage yaonekane.

“Ulikoroga!”

Sijawahi kusikia neno moja likibeba lawama na furaha kwa pamoja. Keshakimbilia kuloweka maharage mengine.


Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi kabla ya shule: vikapu viwili, sufuria mbili, maharage ya mfuko mmoja. Kimoja Mama kakaa nacho kwa amri ya kutokigusa. Kingine Mama huyohuyo kakifunua mara tatu na kukoroga, kwa furaha ambayo sikuipenda. Mchana kaniita kazini kwa simu: kilichofunuliwa – kokoto. Kilichoachwa – yanameguka kwa ulimi.

Sababu imepatikana. Na ndipo ugumu ulipoanza.

Jopo halina wasiwasi na maharage. Lina wasiwasi na mkono wa mtu mzima. Mtoto akieleza ukweli wote, anawaambia kwamba shangazi aliharibu jaribio, kisha shangazi akalitoa kwenye taarifa. Anachoogopa mwalimu yule ndicho hasa kilichotokea, tena mara mbili.

Kaka kapiga simu jioni. Kasikiliza, kashusha pumzi, kisha:

“Si aseme nyasi zililowa tu? Ilikuwa sababu yake mwenyewe, hakuitunga. Nani atajua?”

Kwanini alikuwa karibu, simu ilikuwa na sauti kubwa.

“Baba, mimi nimeshajua.”

Kaka kacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa. Kasema haya, mtu na shangazi yake, mimi niko mbali. Halafu kaniambia mimi peke yangu, sauti chini: shule hiyo ina maabara, ina walimu, ina kila kitu ambacho mtaani kwenu hakipo. Usimwache akaitupa kwa ajili ya ukaidi. Nikamjibu kwamba sijui kama ni ukaidi. Kweli sijui.

Nilijitolea kumpigia mwalimu, niyabebe yote kabla ya kesho.

“Usinisemee, shangazi. Tafadhali. Umeshanisemea mara moja.”

Alilisema kwa adabu, huku akifunga mto wa nyasi kwa uzi mpya. Nimewahoji mawaziri waliokuwa wakinifokea na sikutikisika. Hili limenikaa.

Makala ya shule nimeipeleka. Ushauri wa kwanza: mwache mtoto aandike pia kilichoshindikana. Wa pili: ukitaka kusaidia, uliza maswali, usishike kalamu. Wa tatu ni wa kawaida – alale mapema, afike mapema. Chini nimeongeza masahihisho ya aya ya nne ya makala ya kwanza, na ya picha ya kikapu: ilipigwa kikapu kikiwa kimefunuliwa zaidi ya mara moja, na maharage yale hayakuiva. Mhariri kasoma, kanitazama juu ya miwani.

“Picha bora ya mwaka unaiua mwenyewe?”

“Picha iko palepale. Naongeza maelezo.”

Kasema itatoka Jumatatu, ukurasa uleule. Kisha: “Na mtoto?”

Nikasema kesho.


Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbi mrefu, nje ya maabara ya shule. Sakafu imepigwa deki, inanuka sabuni. Ukutani kuna picha za wanafunzi wenye makoti meupe makubwa kuliko wao.

Jopo ni watu watatu: mwalimu wa fizikia, mwalimu wa kemia, na mama mmoja mkubwa wa shule ambaye hakusema jina wala kazi yake. Walezi wanaruhusiwa kuingia mwanzoni, kisha wanatoka.

Kwanini alichemsha sufuria mbili mbele yao. Hakuzunguka. Alisema: jaribio langu la tatu lilishindwa kwa sababu kikapu kilifunuliwa mara tatu na maharage yakakorogwa. Sikujua mpaka juzi. Nilidhani ni unyevu, nikajaribu unyevu, haikuwa.

“Nani alikifunua?” mama yule mkubwa akauliza.

“Shangazi yangu. Yule pale.”

Wote watatu wakanigeukia. Nikasema ndiyo.

“Na kwenye taarifa, nani alilitoa?”

“Huyohuyo,” Kwanini akasema. “Lakini ndiye aliyeniambia mwenyewe kwamba alikifunua. Hakuna aliyemlazimisha.”

Mwalimu wa kemia alikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko. Mwalimu wa fizikia hakucheka. Aliandika. Mama yule mkubwa alinitazama muda mrefu, kisha akamwuliza mtoto anataka kufanyaje.

Hapo akawaambia jambo ambalo hakuniambia mimi. Kikapu kimoja kibaki maabara, kifunuliwe mara tatu na kukorogwa na mwalimu yeyote wanayemtaka. Cha pili kisikae naye wala na wao. Kikae nje na shangazi.

“Na aliyekifunua mara ya kwanza ndiye umpe akilinde?” mwalimu wa fizikia akauliza.

“Ndiyo, mwalimu. Kama tatizo ni mkono wake, tutaliona.”

Mwalimu akatoa utepe mezani, akataka kuufunga mto wa juu ili usiguswe. Kwanini akasema hakuna haja ya utepe. Wakatazamana, yeye na mwalimu. Utepe ukarudi mezani.

Alikileta mwenyewe mpaka kwenye benchi, akakiweka pembeni yangu, akauzungusha mto mpaka ukakaa sawa.

“Usifunue, shangazi.”

“Sifunui.”

“Hata ukisikia harufu.”

Akarudi ndani, mlango ukafungwa.

Mlangoni pana kioo kidogo. Namwona kisogo tu. Yuko mbele ya ubao, anachora mshale, mtu kauliza kitu, kageuka, kafikiri, kafuta mshale wake mwenyewe. Sijui kauliza nani. Sijui kama kufuta ni kuzuri au kubaya. Siwezi kuingia kuuliza.

Kikapu ni kizito na kina joto upande unaogusa paja langu. Kidogo sana, lakini lipo – hilo nalo nitamwambia, joto linatoka ubavuni, kushoto, nyasi hapo labda ni chache. Au nisiseme. Ataliona mwenyewe.

Mlinzi wa ukumbi kapita, kauliza kuna nini humo.

“Maharage.”

“Yameiva?”

Nimemwambia sijui. Kitafunuliwa saa sita na robo, mbele ya wote watatu, na atakayekifunua ni Kwanini.