Koti Lako Juu ya Ufa

Guka,

Nyumba yako haipo tena, babu yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Lakini Cucu, mkeo, ni mzima. Tuko naye kwangu hapa Ruiru, na tayari ameshagombana na watu wa ghorofa ya chini.

Unaukumbuka ule ufa juu ya machimbo ya zamani, nyuma ya nyumba pale Thika. Ulichonga mawe huko maisha yako yote, na kila masika ulituambia: maji yakiingia pale, udongo utateleza juu ya mwamba na utashuka wote mara moja. Ndipo ukapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, ukafunga kamba ukaiacha imelegea, ili ufa ukipanuka ikaze. "Ikikaza, msiniulize kitu. Kimbilieni kanisani."

Basi ulipotuacha, Cucu akaifanya kamba ya nguo! Ati huko juu ndiko kuna jua. Alikuwa akipanda kuanika lile koti lako la kijivu, pindo linaburutika kwenye nyasi, naye analalamika kwamba wewe ulijua mawe tu, kamba hukuzijua. Nikimgombeza, anasema mzee hawezi kulikatalia kamba koti lake mwenyewe.

Masika haya mvua ilikataa kuisha. Nilikuwa nimekuja kumwona, akanituma nikatoe koti, lisizidi kuloa. Nikapanda nikinung'unika. Woi, Guka! Koti limejaa maji, lingefaa kuwa limelala matopeni, lakini linaning'inia juu, mkono wangu unapita chini yake. Kamba imekaza kabisa.

Nilishuka kwa makalio, koti begani. Cucu akakataa kutoka. Alisema nyumba ulimjengea wewe, na chai iko jikoni. Nikamwambia tu, "Cucu, koti halikugusa nyasi."

Akalitazama. Akazima jiko, akafunga mlango kwa kufuli, tukaanza kugonga kwa majirani. Tulikuwa kwa ngazi za kanisa tuliposikia udongo ukija. Haukubakisha hata jiko. Watu wote walikuwa wametoka, hata yule jirani mama wa mapacha.

Ufunguo bado ameufunga kwenye leso. Sijamwambia autupe.

Yeye anasema ni wewe uliyeinua koti. Mimi nasema ni ardhi iliyosogea. Tumeacha kubishana, maana nikimtazama anavyolikunja, Guka, nakukumbuka hadi kifua kinauma.

Upande wa pili wa machimbo bado kuna watu wanaishi, na ufa umefika kwao. Jumamosi nitaenda na vigingi na kamba mpya. Nitailegeza vile ulivyonionyesha, na nitawaambia waanike kitu kirefu. Kila masika nitarudi kuangalia, hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, mzee wangu. Koti liko ndani, na limekauka.

Wako,
Wambui